Kizunguzungu cha Kitandani na Macho Yanayocheza



Juma lililopita bibi mmoja, jirani yetu, alipita mbele ya ofisi ya parokia na mkungu wa ndizi kichwani. Akanisalimu, akanitania kwamba makarani tunanenepa kwa kukaa, akaenda zake sokoni. Ni jambo dogo, mtasema. Lakini mwaka jana bibi huyu hakuweza kwenda hata kisimani bila kushikwa mkono, na nyumba ya mwanawe ilikuwa karibu kuvunjika kwa ajili ya ugonjwa wake. Amenipa ruhusa nisimulie, ila jina lake nalificha.

Ilianza usiku. Bibi alijigeuza upande wa kulia, na mara nyumba nzima ikaanza kuzunguka, paa na ukuta na mlango. Akashika ubao wa kitanda kwa mikono miwili, akidhani anatumbukia shimoni. Akatapika. Kabla hajamaliza kuita watu, kizunguzungu kikakoma. Asubuhi alipoinuka kikaja tena. Mchana alipoinua uso kutoa chungu rafuni, kikaja tena. Katikati ya vipindi hivyo alikuwa mzima kabisa, anakula, anaongea, anagombeza kuku. Ndiyo sababu watu hawakumwelewa.

Tukasema mengi. Mmoja alisema ni malaria, basi Bibi akameza dawa ya malaria bila kupimwa damu. Mwingine alisema ni presha. Katika duka moja la dawa wakamwuzia vidonge vya kizunguzungu, akavimeza majuma sita. Vikamlaza usingizi mchana kutwa, lakini usiku mambo yakawa yaleyale. Akaanza kulala ameketi, ameegemea gunia la mahindi. Kisha akatokea yule mtu ambaye hakosi kijijini, akauliza, "Je, uji wa jioni ile aliupika nani?"

Uji aliupika mkamwana. Siku ya pili neno lilikuwa kisimani, siku ya tatu lilikuwa kila mahali. Mwisho wa mwezi mwanawe Bibi akamrudisha mkewe kwao, pamoja na mtoto wa miezi saba mgongoni. Nami nakiri: maneno yale niliyasikia yakisemwa barazani, nikanyamaza.

Kabla sijawaambia Bibi aliponaje, nataka mfanye jaribio dogo, maana bila hilo hamtaelewa yaliyofuata. Lichukueni gazeti hili mlilo nalo mkononi. Lishikeni mbele ya uso, kichwa kitulie, kisha litikiseni gazeti upesi kushoto na kulia. Je, mwaweza kusoma? Hapana, herufi zote zachanganyika. Haya, sasa gazeti litulie kabisa, mtikise kichwa kwa upesi uleule, kama mtu anayekataa jambo. Kumbe, sasa maneno yasomeka!

Tofauti yatoka wapi? Yatoka sikioni. Kichwa kinapogeuka kulia, sikio la ndani hupeleka habari, na macho hugeuka kushoto kwa kipimo kilekile, hata picha ikatulia. Hatuyaamuru macho kufanya hivyo. Habari hiyo huchukua kama sehemu moja ya mia ya sekunde, upesi kuliko kupepesa jicho. Ndiyo maana twaweza kutembea katika njia ya mawe na bado tukamtambua mtu anayekuja mbele. Watu ambao masikio yao ya ndani yamekufa pande zote mbili, kama wengine waliopata kudungwa sindano za streptomaisini siku nyingi, hawawezi. Wakitembea, dunia yote yarukaruka machoni pao. Ili wamtambue mtu, hawana budi kusimama kwanza.

Sikio la ndani ninalolitaja hamwezi kuliona kwa kuchungulia. Limo ndani ya mfupa wa kichwa, nyuma kabisa ya ngoma ya sikio. Humo mna mifereji mitatu iliyopindwa kama vipande vya pete, kila mmoja umeelekea upande wake: mmoja hujua kichwa kikigeuka kulia na kushoto, na ile miwili hujua kikiinama, kikiinuka au kikilazwa begani. Mifereji imejaa maji. Kichwa kikigeuka, maji hubaki nyuma kidogo, kama maji ya ndoo unapoizungusha ghafula, nayo husukuma pazia laini lililo mwisho wa mfereji. Pazia likipinda, mshipa wa fahamu hupeleka habari.

Watoto wetu huuchezea mtambo huu kila jioni. Hujizungusha uwanjani mikono wazi mpaka waanguke wakicheka. Siku nyingine mshike mmoja aliyekwisha simama, umtazame machoni. Utayaona macho yake yakienda polepole upande mmoja, kisha yakirudi kwa kuruka, tena na tena. Miguu imesimama, lakini maji ya sikioni hayajasimama, na macho hulitii sikio.

Basi, jirani ya mifereji ile mna kijumba chenye vijiwe vingi sana, vidogo hata jicho haliwezi kuviona. Vimefanywa kwa kalisi, kwa kitu kilekile kilichomo katika ganda la yai na katika matumbawe ya pwani. Kazi yake ni kulielemea tandiko laini ambalo vimekaa juu yake, ili mwili ujue juu ni wapi na chini ni wapi. Mtu akizeeka, au akipigwa kichwani, na mara nyingi bila sababu yoyote ijulikanayo, baadhi ya vijiwe hubanduka. Vikibaki katika kijumba chao havina madhara. Lakini mtu akilala chali vyaweza kuteleza na kuingia katika mfereji, hasa ule wa nyuma, kwa kuwa ndio ulio chini. Tangu hapo, kila akigeuka kitandani vijiwe huporomoka kama mchanga ndani ya chupa ya maji. Huvuta maji, maji husukuma pazia, na mshipa hupeleka habari ya uongo kwamba kichwa kinazunguka. Ugonjwa huu huwapata wanawake kuliko wanaume, na wazee kuliko vijana.

Sasa nirudi kwa Bibi. Binti yake aliyeolewa mjini alikuja kumsalimu, akamwona anavyolala juu ya gunia, akamchukua pamoja na yule kaka yake mpaka hospitali ya wilaya. Huko walimkuta tabibu kijana, mtu wa maneno machache. Alimwuliza Bibi mambo matatu: kizunguzungu huja akifanya nini, hukaa muda gani, na kama kuna sikio lisilosikia vizuri. Kisha akamketisha juu ya kitanda, miguu imenyoshwa, akamgeuza uso upande wa kulia, nusu ya njia ya kufika begani.

"Bibi, litokee litakalotokea, usifumbe macho. Nitazame puani."

Akamshika kichwa kwa mikono miwili, akamlaza chali kwa upesi hata kichwa kikaning'inia kidogo nje ya ukingo wa kitanda, yeye akikitegemeza. Wakangoja. Moja, mbili, tatu, nne. Hakuna kitu. Mwanawe alikuwa amekwisha anza kufikiri kwamba wamepoteza nauli bure. Mara macho ya mama yake yakaanza kucheza. Yaliruka kuelekea paji la uso, na papo hapo yakawa yanajipinda kuelekea sikio lililo chini, kama mtu anayezungusha kifuniko cha chupa kidogokidogo.

"Mwanangu, nakufa!"

"Hufi, Bibi. Vumilia, kinapita."

Tabibu hakumwachia, akahesabu kwa sauti. Alipofika ishirini na tano macho yalikuwa yametulia. Akamketisha, yakacheza tena kidogo, safari hii kinyume. Akampumzisha, kisha akafanya vilevile upande wa kushoto. Macho yalikaa kimya, Bibi hakuona kitu. Tabibu akasema, "Ni sikio la kulia."

Mwanawe ndiye aliyenisimulia haya, na kila akisimulia huonyesha kwa vidole jinsi macho yalivyocheza. Alikuwa amesikia maneno mengi juu ya ugonjwa wa mama yake, lakini alikuwa hajaonyeshwa kitu cha kuona kwa macho yake mwenyewe.

Kila jambo aliloliona lina sababu yake. Zile sekunde chache za kimya ni muda ambao vijiwe huhitaji ili vianze kuporomoka. Macho yalitulia kwa sababu vijiwe vilifika chini vikakaa. Yalicheza kinyume kwa sababu, alipoketi, vijiwe vilirudi vilikotoka. Na jaribio likirudiwa mara mbili tatu mfululizo, macho hucheza kidogo zaidi kila mara, kwa kuwa vijiwe hutawanyika. Hayo yote husomwa kitandani, pasipo mashine wala tone la damu.

Jaribio hili lina historia, nami naipenda. Huko Vienna, katika nchi ya Austria, alikuwako daktari wa masikio jina lake Robert Bárány, aliyezaliwa mwaka 1876. Kazi yake ilikuwa pamoja na kuosha masikio ya wagonjwa kwa bomba la maji, na wengi walishikwa na kizunguzungu. Mgonjwa mmoja akamwambia kwamba kizunguzungu huja kama maji ni ya baridi. Bárány akaagiza maji ya moto. Yakawa ya moto mno, na kizunguzungu kikaja vilevile. Lakini alipotazama vizuri aliona kwamba macho sasa yanaruka kinyume cha yale ya maji ya baridi. Akakumbuka jinsi maji yanavyopanda yakipashwa moto na kushuka yakipoa, akatambua kwamba ndivyo yafanyavyo maji ya sikio la ndani. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914. Habari zilimfikia akiwa mfungwa wa vita huko Urusi, kwa maana alikuwa daktari katika jeshi la Austria. Mwaka 1921 aliandika habari za mwanamke wa miaka 27 aliyeshikwa na kizunguzungu kila alipolala kwa upande wa kulia, kama Bibi wetu.

Aina ya kulaza aliyoitumia tabibu ilielezwa vizuri mwaka 1952, katika hospitali ya magonjwa ya mishipa ya fahamu iliyopo Queen Square, London. Walioieleza ni wawili, Charles Hallpike na Margaret Dix, nao walikuwa wamewachunguza wagonjwa 100 wa namna hii. Huyu Mama Dix alikuwa akisomea upasuaji. Wakati wa vita vya pili vya dunia bomu la ndege lilimjeruhi uso, na vipande vya kioo vikamwingia machoni. Upasuaji ukawa umekwisha kwake, akahamia kazi ya masikio. Na hivyo mwanamke ambaye macho yake mwenyewe yaliharibiwa na vita alitumia miaka yake kuyachungulia macho ya wengine. Mpaka leo jaribio hilo huitwa kwa majina yao wawili, na la Dix hutajwa kwanza.

Lakini sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo penye hatari. Si kila kizunguzungu ni cha vijiwe, na kazi kubwa ya jaribio ni kutofautisha. Macho yakianza kucheza papo hapo bila kungoja, au yasipotulia hata baada ya dakika nzima, au yakiruka kuelekea chini kwenye mashavu tu, daktari hana budi kuufikiria ubongo wenyewe. Zaidi ya hayo, kuna kizunguzungu kisichokoma, kinachoshika saa nyingi au siku nzima, mtu ametulia au amegeuka. Hicho jaribio la kulaza halikifai. Chaweza kuwa uvimbe wa mshipa wa sikio, na chaweza kuwa kiharusi cha nyuma ya ubongo.

Kwa hicho kuna jaribio jingine la macho, lililoelezwa mwaka 1988 na wataalamu wawili wa Sydney, Australia, Halmagyi na Curthoys. Mgonjwa anaketi, anaitazama pua ya daktari. Daktari amemshika kichwa, anakigeuza kwa ghafula, lakini kidogo tu. Mtu mzima macho yake hubaki puani, kama yaliyogundishwa. Ikiwa sikio la upande ule limeshindwa kazi, macho huchukuliwa pamoja na kichwa, kisha hurudi puani kwa kuruka. Sasa hapa pana fumbo ambalo hata wasomi huwatega: mtu mwenye kizunguzungu kisichokoma, ambaye macho yake hubaki puani vizuri kabisa, huyo ndiye wa kuogopewa. Kama sikio lake ni zima, ugonjwa uko wapi? Huenda uko katika ubongo. Mwaka 2009 madaktari wa Marekani walionyesha, kwa wagonjwa 101, kwamba uchunguzi huu pamoja na mwingine miwili ya macho, ukifanywa na mtu aliyefundishwa, uliwatambua wenye kiharusi hata pale ambapo picha ya mashine kubwa iliyopigwa mapema haikuonyesha kitu.

Kwa hiyo msijifanye matabibu wa shingo za watu. Mzee mwenye shingo mbovu, au aliyeanguka akaumia shingo, hafai kugeuzwageuzwa na jirani. Na mtu akipatwa na kizunguzungu pamoja na mdomo kwenda upande, ulimi kuwa mzito, kuona vitu viwili viwili, mkono au mguu kulegea, au kushindwa kabisa kusimama, msingoje asubuhi wala msianze kuuliza nani kapika. Tafuteni gari.

Lililo halali kwenu ni kutazama. Mgonjwa akishikwa, mwambieni afungue macho, myaangalie, mhesabu yanacheza muda gani, mkumbuke alikuwa amelalia upande upi. Mwenye simu ya kupiga picha za kutembea apige. Mkifika hospitali msiseme tu "ana kizunguzungu", kwa maana neno hilo twalitumia hata kwa njaa. Semeni, "Huja akigeuka kitandani kulia, hukaa nusu dakika, kisha huisha." Mtu wa afya akiyasikia hayo, na tena akiona picha, hatakimbilia vidonge. Vidonge hupunguza kichefuchefu, lakini havitoi kijiwe katika mfereji, na mzee anayesinzia kwa vidonge ni rahisi kuanguka na kuvunjika nyonga. Naye ambaye hajapona asipande mwembe wala ngazi, asiendeshe baiskeli.

Dawa yake ni ya ajabu kwa urahisi. John Epley, daktari wa Portland katika Marekani, alifikiri kwamba kama vijiwe vimeingia kwa kuporomoka, vyaweza kutolewa kwa kuporomoka. Aliwaeleza wenzake mwaka 1980, wengi wakamcheka. Maandishi yake yenyewe yalitoka mwaka 1992. Mwaka huohuo wapasuaji wawili wa Kanada, Parnes na McClure, walieleza jinsi walivyoviona vijiwe vikielea katika mfereji walioufungua. Hapo kicheko kikapungua.

Ndivyo tabibu alivyomfanyia Bibi. Alimlaza tena kama mwanzo, sikio la kulia chini, akangoja macho yatulie. Akamgeuza uso polepole mpaka kushoto, akangoja. Akamwambia alalie bega la kushoto huku uso ukitazama sakafu, akangoja. Kisha akamketisha, kidevu kimeinamia kifuani. Kazi yote haikufika dakika tano. Wengine huhitaji kurudiwa mara mbili au tatu, siku nyingine. Bibi alipolazwa tena kwa majaribio, macho yalikaa kimya.

Mwanawe hakurudi pamoja naye. Alimpandisha mama yake na dada yake katika basi, yeye akapanda jingine la kwenda kwa wakwe zake. Alikaa huko siku nne, kwa maana baba mkwe si mtu wa kumaliza shauri kwa siku moja, na nadhani alikuwa na haki. Nasikia kwamba alitakiwa aeleze habari za vijiwe na macho mbele ya wazee wote wa ukoo, mara tatu, na kwamba mara ya tatu alikuwa amekwisha jifunza kuzieleza vizuri.

Kizunguzungu kilirudi mwaka huu baada ya Pasaka, kama kilivyo na desturi ya kurudi. Usiku ule mkamwana ndiye aliyekuwa karibu. Aliwasha tochi akaketi kando ya kitanda. "Mama, fungua macho nikuone," akasema, akaanza kuhesabu. Kesho yake asubuhi wakapanda basi wawili wao, wakiwa na uji wao katika chupa ya chai.